Kusoma kwa Wajesuiti: Hukumu Yake na Deni Letu

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Suala lililotufikia ni hili. Kijana Muislamu wa huku Suna, mwenye umri wa miaka 26, mwalimu wa skuli, amepata nafasi katika chuo cha Wajesuiti kilichoko Nairobi, kiitwacho Hekima, ili asome elimu ya amani na mahusiano ya mataifa. Baba yake ameuliza darasani: je, yajuzu? Waliokuwapo walijibu kabla ya kuulizwa, na majibu yao yalikuwa matatu. Wa kwanza alisema ni haramu, kwa kuwa mwenye kukaa kwa padri hutoka na rangi ya padri. Wa pili alisema elimu haina dini, cheti ni cheti, na aende. Wa tatu alisema kwamba jambo lenyewe si zuri, lakini sisi hatuna chetu, basi na aende, nasi tunyamaze. Mimi naona majibu yote matatu yana upungufu, na la tatu ndilo lenye khatari zaidi, kwani ndani yake mna uvivu uliovikwa kanzu ya dharura.

Ndugu zetu wa pwani hawana budi kuelezwa kwanza Suna ni wapi, maana wengi wakilisikia jina hili hudhani yatajwa Sunna ya Mtume. Suna ni nchi iliyo kusini-magharibi ya Kenya, katika kaunti ya Migori, na mji wa Migori umo ndani yake, juu ya njia kuu itokayo Kisii kwenda Isebania, mpakani mwa Tanzania. Wenyeji wengi ni Waluo, na jirani zao ni Wakuria na Wakisii. Waislamu ni wachache miongoni mwao. Katika upande huu wote wa Nyanza ya Kusini, mlango wa skuli ulifunguliwa na wamisionari. Waadventista walifika Gendia mwaka 1906, na mapadri wa Kikatoliki wakaja wakajenga skuli zao. Basi mzazi wa huku aliyetaka mwanawe ajue kusoma na kuhesabu hakuwa na mlango mwengine wa kubisha. Mwenye kuishi Lamu au Mombasa, penye misikiti kila mtaa, asiharakishe kumhukumu.

Na hawa Wajesuiti ni nani? Ni watu wa shirika la Kikatoliki linalojiita Shirika la Yesu. Mwanzilishi wake ni Ignatius wa Loyola, askari wa Kihispania aliyevunjwa mguu na mzinga katika vita vya Pamplona mwaka 1521, akaacha upanga akashika kitabu. Papa alilikubali shirika lake mwaka 1540. Haikupita miaka kumi ila walikwisha kufungua skuli Messina, katika kisiwa cha Sicily, mwaka 1548, kisha wakafungua chuo cha Rumi mwaka 1551. Mwaka 1599 wakatoa utaratibu mmoja wa masomo kwa vyuo vyao vyote: mwalimu asomeshe, wanafunzi wadurusu walilosomeshwa, kisha wasimame wajadiliane, mmoja akitetea na mwengine akipinga. Mwaka 1773 Papa mwenyewe alilivunja shirika lao, na mwaka 1814 likarudishwa. Miongoni mwa vyuo vikuu vyao ni Georgetown huko Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1789, na Saint Joseph huko Beirut, kilichoanzishwa mwaka 1875 katika nchi ya Waarabu. Hapa Kenya chuo cha Hekima kilifunguliwa Nairobi mwaka 1984 ili kuwasomesha Wajesuiti wa Afrika wanaoelekea upadri, na mwaka 2004 kikaongezewa taasisi ya masomo ya amani.

Watu wa Mombasa wasichanganye mambo wakadhani kwamba Ngome ya Yesu ni kazi ya watu hawa. Ngome ile ilijengwa na Wareno kuanzia mwaka 1593, na watawa waliokuwa na nyumba yao Mombasa zama hizo walikuwa wa shirika la Augustino. Lakini Mjesuiti mmoja mkubwa alipita pwani yetu kabla ya ngome hiyo kujengwa, na khabari yake yatupasa tuijue.

Mtu huyo ni Francis Xavier, mmoja wa wale wa kwanza waliofuatana na Ignatius. Mwaka 1542, akiwa safarini kwenda Goa, merikebu yake ilitia nanga Malindi. Alipofika Bara Hindi aliwaandikia wenzake barua, na humo akaeleza kwamba mtu mmoja mkubwa miongoni mwa Waislamu wa Malindi alimuuliza kama Wakristo nao wamepoa katika ibada zao, kwani Malindi palikuwa na misikiti 17, na iliyokuwa ikiendewa ni mitatu tu, tena na watu wachache. Mzee yule alikuwa na huzuni, hajui sababu ya balaa hilo. Wakazungumza, wasikubaliane, kila mmoja akabaki na rai yake.

Mtu ataweza kusema kwamba aliyeandika ni hasimu wa dini yetu, na ushahidi wa hasimu ni wa kutiliwa shaka. Hoja hiyo yafaa, na mimi siipuuzi. Lakini ushahidi wa hasimu haukatwi bila kuangaliwa. Yeyote mwenye shaka na aingie msikiti wa mtaa wake alfajiri, ahesabu safu, ndipo ajibu. Na lililo kubwa katika khabari hii ni kwamba padri yule hakuikuta Malindi ikiwa na skuli ya misioni hata moja. Kama misikiti ilikuwa mitupu, haikutupwa na Wajesuiti. Hivyo anayesema kwamba imani ya vijana wetu huharibiwa na chuo cha mapadri, na ajibu kwanza: ni nani aliyeiharibu Malindi?

Sasa tuingie katika hukumu. Ziko hadithi mbili zilizo mashuhuri vinywani, ile ya kutafuta elimu hata China, na ile ya hekima kuwa ni kitu kilichompotea Muumini. Maulamaa wa hadithi wamezitia ila sanadi zake, kwa hiyo sizitumii kuwa ni dalili. Yatosha tuliyo nayo. Imepokewa kwamba baada ya vita vya Badr, mwaka wa pili wa Hijra, mateka wa Kikureshi waliojua kuandika na wasiokuwa na mali ya kujikomboa, fidia yao ilikuwa kuwafunza watoto wa Madina kuandika. Walimu hao walikuwa washirikina, waliotoka vitani wakipigana na Mtume. Na Zaid bin Thabit aliamrishwa na Mtume ajifunze maandishi ya Mayahudi, akajifunza kwa siku chache. Baadaye, katika Baghdad ya Bani Abbas, bingwa wa kufasiri vitabu vya tiba kutoka Kiyunani alikuwa Hunayn bin Is-haq, Mkristo wa Hira, na tabibu wa Kiislamu hakuona aibu kusoma kazi yake. Basi kauli ya kuwa ni haramu kusoma kwa asiyekuwa Muislamu, kwa kuwa si Muislamu tu, haina msingi.

Lakini nisimdhulumu yule wa kwanza, kwani anayo hoja nyuma ya hoja yake. Atasema: mateka wa Badr walifunza herufi, hawakufunza maana ya mwanadamu na uadilifu. Tena walikuwa chini ya mkono wa Waislamu, na leo mwanafunzi ndiye aliye chini ya mkono wa mwalimu, yeye ndiye apewaye alama na cheti. Hoja hii ni ya kweli, na mwenye kuiruka hajafikiri. Ndiyo sababu nasema kwamba jibu la pili nalo halitoshi. Si kweli kwamba elimu yote haina dini. Hesabu haina dini, wala tiba ya homa ya malaria haina dini. Lakini anayesomesha amani hana budi kusema haki ni nini, msamaha ni nini, na mwanadamu ana daraja gani, na hayo kila mtu huyatoa katika imani yake. Wajesuiti hawafichi jambo hili, chuo chao ni cha Kikatoliki na hivyo ndivyo wasemavyo. Mwenye kujificha ni sisi, tunaowapeleka watoto wetu kisha tukajidanganya kwamba wamekwenda kununua cheti dukani.

Mizani yetu basi ni ipi? Nadhani mizani si dini ya mwalimu peke yake, bali ni mwalimu pamoja na mwanafunzi, na kile anachokuja nacho. Imam Ghazali, alipokuwa akisomesha katika madrasa ya Nidhamiya huko Baghdad, alikaa karibu miaka miwili akisoma vitabu vya wanafalsafa katika nyakati zake za faragha. Akaandika kwanza kitabu cha kueleza makusudio yao, ndipo akaandika cha kuwajibu. Aliona ni aibu kulirudi neno usilolielewa, na akaonya vile vile kwamba anayeikataa hesabu yao iliyo sahihi kwa ajili ya itikadi yao mbovu huidhuru dini kuliko anayeipiga vita. Lakini Ghazali hakuingia humo mikono mitupu. Aliingia akiwa na fikihi, na usuli, na ilimu ya kalamu. Tofauti ya mwogeleaji na mtoto si maji, maji ni yale yale.

Hapa ndipo panapoonekana kichekesho chetu, na ni kichekesho cha kuliza. Mtoto wa miaka sita, ambaye hajui nguzo za Imani, tunampeleka skuli ya misioni bila kuuliza mtu, kwa sababu Kiingereza chake ni kizuri na ada yake twaiweza. Anaimba waimbayo wenziwe, na chuoni kwetu anakuja Jumamosi kwa saa mbili, akiwa amechoka. Miaka ishirini hatukumuuliza sheikh. Leo mtoto yule amekuwa mtu mzima, ana akili ya kupambanua, anataka kusoma elimu ya juu, ndipo tunapopiga kelele za halali na haramu. Tumeweka bawabu kwenye mlango wa juu, na mlango wa chini tumeuacha wazi! Anayetaka kuogopa na aogope pale panapostahili, katika umri ambao mtoto hana cha kujibia. Na maneno haya hayawahusu watu wa Suna peke yao, skuli za namna hiyo zimo hata miji ya pwani, na watoto wetu wamo ndani yake.

Tena, elimu anayoitaka kijana huyu ni elimu ambayo twaihitaji. Mpaka wa Wakuria na Wamasai wa Trans Mara si mbali na sisi, na damu imemwagika hapo zaidi ya mara moja kwa ajili ya ng'ombe na ardhi. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2007 nchi yetu iliwaka, wakafa watu zaidi ya 1,000. Qur'ani imetuamrisha tusuluhishe makundi mawili yanapopigana. Na katika vitabu vyetu vya fikihi ya Kishafii, kama Minhaji ya Imam Nawawi, umo mlango mzima wa sulhu. Sote tumeusoma. Lakini tumeusoma katika mas-ala ya deni na madai, na ukuta wa jirani, na dirisha, na roshani inayochomoza njiani. Ni mas-ala mazuri, nayo yana akili nyingi ndani yake ya namna watu wawili wanavyoweza kugawana haki moja bila kuchinjana. Nani katika sisi ameutoa mlango ule katika dirisha na roshani akaufikisha kwenye makabila mawili na malisho mamoja? Anayekwenda Hekima na aende na mlango wa sulhu mkobani, auweke mezani mbele ya walimu wake, aseme: na sisi tunalo hili. Ikiwa hawezi kulisema, kosa si la Wajesuiti.

Neno chuo ni letu. Kabla ya kuwako chuo kikuu chochote Nairobi, pwani yetu ilisema chuo kwa maana ya kitabu, na chuoni kwa maana ya pale asomeshapo mwalimu, na mwanachuoni kwa maana ya alimu. Na neno hekima asili yake ni hikma ya Kiarabu. Mapadri wameandika mlangoni mwao neno lililotoka nyumbani mwetu, nao wakalijengea nyumba. Nyumba hiyo imesimama juu ya nguzo zinazoonekana. Mjesuiti husomeshwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kukamilika: miaka ya malezi, miaka ya falsafa, miaka ya kutumwa kazini, miaka ya theolojia. Na mali yake si yake, ni ya shirika. Sisi hatuna utawa katika dini yetu, wala hatuutaki. Lakini jambo hilo la mali, yaani kuitoa katika mikono ya mtu mmoja ili iitumikie elimu baada ya kufa kwake, sisi tunaliita wakfu, na tulikuwa nalo kabla Ignatius hajazaliwa. Na kujadiliana mbele ya mwalimu, wao walikotia katika utaratibu wa mwaka 1599, sisi tulikuita munadhara, na maulamaa waliandika vitabu juu ya adabu zake. Leo katika darasa zetu nyingi, mwanafunzi akiuliza kwa nini, huambiwa ana utovu wa adabu. Kisha twashangaa akenda kuuliza kwengine.

Wala mtu asidhani kwamba nawasifu watu hawa kama wasiokuwa na doa. Mwaka 1838 Wajesuiti wa Maryland huko Marekani waliwauza watumwa 272, wanaume na wanawake na watoto, na sehemu ya fedha hizo ikalipia madeni ya chuo cha Georgetown. Wasomi wa hekima, wenye vitabu na sala, waliuza watu! Elimu peke yake haikuwazuia. Lakini jengine ni hili, kwamba chuo hicho chenyewe kilirudi katika daftari zake, wasomi wake wakachunguza, na mwaka 2017 chuo na shirika wakaomba radhi hadharani mbele ya vizazi vya watu wale. Hatusemi kwamba kuomba radhi kunalipa. Twasema kwamba nyumba ya elimu iliyo hai ni ile inayoweza kujihesabu nafsi yake.

Na sisi wa pwani tuna daftari yetu. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Mashamba ya Malindi na ya Unguja yalilimwa na nani? Ni darasa ngapi tulizokaa tukaliuliza suala hili kwa uadilifu, bila kujitetea, tukitafautisha dini ilivyoamrisha na watu walivyofanya? Muhasaba ni neno letu pia. Tusiliache nalo likajengewe nyumba na wengine.

Basi jawabu langu kwa muulizaji ni hili. Yajuzu kijana huyo kwenda, kwa masharti. Asimamishe sala zake bila kificho, na asihudhurie ibada isiyokuwa yake kwa ajili ya kumridhisha mtu. Ajue ni wapi elimu ya kutazama mambo inapokoma na ni wapi itikadi inapoanza, na akitatizwa asinyamaze wala asikubali tu, bali aandike, aulize. Awe na adabu kwa walimu wake, kwani anayekufunza herufi moja ana haki juu yako, awe dini gani. Huko Georgetown kwenyewe, Waislamu waliokuwamo walidumu na dini yao hata chuo kikawawekea imamu mwaka 1999. Wangejificha, wangemwekea nani?

Sharti la mwisho si lake yeye, ni letu. Zaid bin Thabit alitumwa kujifunza maandishi ya wengine kwa sababu Mtume hakutaka barua zake zitegemee mikono asiyoiamini. Alikwenda kusoma ili umma usiwe na haja. Hivyo ndivyo inavyopasa kuwa safari ya kijana wetu: anapotoka awe na deni, na anaporudi sisi tuwe na pahali pa kumlipisha. Kila elimu ambayo umma unaihitaji ni fardhi kifaya. Akisimama nayo mmoja, wengine wamesalimika, na wasiposimama nayo hata mmoja, dhambi ni ya wote wenye uwezo. Aliyesema hatuna chetu, tunyamaze, amefanya hali ya dhambi kuwa ni udhuru.

Wala si kweli kwamba hatukuwahi kujenga. Chuo cha elimu ya Kiislamu cha Mombasa kilisimamishwa kwa michango ya Sultani wa Zanzibar, na Aga Khan, na Mabohora, na serikali ya wakati ule, kikapokea wanafunzi wake wa ufundi mwaka 1951, na leo ndicho Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, kinachowanufaisha watu wa dini zote. Mbale, Uganda, kiko Chuo Kikuu cha Kiislamu tangu mwaka 1988. Zanzibar wana chao Tunguu tangu 1998, na Morogoro kipo cha Waislamu kilichoanza kusomesha 2005. Njia imekwisha pasuliwa. Kilichobaki ni sisi wa kila mji kuangalia sadaka zetu zaenda wapi. Msikiti ukipakwa rangi mara ya tatu na mwalimu wa chuo akalipwa kwa bahati, hiyo ni khiyari tuliyoichagua wenyewe.

Twapendekeza mambo matatu, nayo si makubwa. Kwanza, kila mji utenge duka moja au shamba moja liwe wakfu wa kumsomesha mwanafunzi mmoja wa elimu ya juu, akimaliza huyu aingie mwengine. Pili, liwekwe darasa la watu wazima, baina ya Magharibi na Isha, ambamo suala lolote laruhusiwa kuulizwa, na sheikh asiyejua aseme sijui. Tatu, mtoto mdogo wa skuli ya misioni apewe siku zaidi za chuo, na mwalimu wake apewe mshahara unaojulikana.

Mzee yule wa Malindi alimuuliza mgeni wa merikebuni jambo alilopaswa kuwauliza watu wa msikitini kwake. Tusingoje merikebu nyengine.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki kuwa ni haki, na atupe nguvu ya kuifuata. Wabillahi taufiki.